Mzigo Umeshuka Begani, Umepanda Kiunoni

Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miezi kadhaa kati ya Bagamoyo na Tabora, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30. Chakula walichokula kiliishia njiani. Leo Ipole, wilayani Sikonge, pale barabara ya kutoka Tabora inapogawanyika kwenda Rungwa na Mpanda, safari ni ya basi na bodaboda. Mkulima wa tumbaku bado anatoka jasho msimu wa kilimo, lakini mwenye duka, dereva na fundi cherehani hukaa kutwa. Sahani ya ugali haikupungua; mwendo ndio uliopungua.

Hili si tatizo la mjini peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Hata hivyo bado tunamsifu aliyenenepa kuwa "maisha yamemkubali", na aliyepungua tunamnong'ona kuwa anaumwa. Kwa maneno hayo tunawazuia ndugu zetu kutafuta afya.

Pima kabla ya kuhukumu. Gawanya uzito wako kwa kilo kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Mtu mzima mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 anapata 31. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo, na hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo huongezeka. Hesabu hii si ya mjamzito wala mtoto.

Unene si uvivu tu. Kuna kurithi, kukosa usingizi, msongo wa mawazo na baadhi ya dawa. Tena mwili ulionyimwa chakula ghafla huongeza njaa na kubana matumizi ya nguvu. Ndiyo maana anayejishindisha njaa au kunywa "dawa ya kukata tumbo" isiyojulikana hupungua mwezi mmoja, kisha kilo zikarudi.

Njia inayodumu ni ya polepole. Kwa mtu wa kilo 80, kupunguza kilo nne hadi nane tu huanza kushusha shinikizo na sukari. Usiache ugali, punguza tonge, ongeza mlenda, kisamvu, maharage na matunda. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Badala ya soda kunywa maji. Na asali yetu ya Tabora, pamoja na sifa zake zote, nayo ni sukari: kijiko kimoja kinatosha. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Mwenye dawa za kisukari au shinikizo aongee kwanza na mhudumu wake wa afya.

Wazazi, mtoto msimpe mlo wa kukonda na msimwite "bonge". Mpelekeni kliniki, kadi yake isomwe. Badilisheni chakula cha nyumba nzima, soda isiwe zawadi ya kila siku, naye apate muda wa kucheza. Mtoto huiga sahani ya mzazi kuliko nasaha zake.

Lakini mgonjwa hawezi kubeba jambo hili peke yake. Kila zahanati iwe na mizani na kipimo cha shinikizo kinachofanya kazi, na ushauri wa lishe usiishie kwa wajawazito na watoto wachanga. Mtu asisubiri kidonda cha kisukari ndipo aambiwe uzito wake.

Wapagazi walifika pwani kwa kupiga kambi baada ya kambi. Nawe anza na kambi ya kwanza: wiki hii, nenda ukapime.