Jiji limepanuka, huduma za maktaba nazo ziwafuate wakazi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Tarehe 9 Desemba 1967, nchi ilipokuwa ikiadhimisha miaka sita ya Uhuru wa Tanganyika, Rais wa Kwanza, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, alifungua rasmi jengo la Maktaba Kuu ya Taifa lililoko Upanga, jijini Dar es Salaam. Sensa iliyofanyika Agosti ya mwaka huohuo ilionesha kuwa jiji lilikuwa na wakazi wapatao 273,000. Wengi wao waliishi katika maeneo ambayo mtu aliweza kufika katikati ya mji kwa miguu, kwa baiskeli au kwa safari fupi ya basi.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliuhesabu Mkoa wa Dar es Salaam kuwa na watu 5,383,728. Hata tukizingatia kuwa mipaka imepanuliwa, idadi hiyo inakaribia mara 20 ya ile ya mwaka 1967. Jengo la Upanga lingali palepale, na linaendelea kupokea wasomaji. Suala linalohitaji kutafakariwa ni namna huduma iliyobuniwa kwa ajili ya mji mdogo inavyoweza kuwafikia wakazi wa jiji hili kubwa, hususan watoto wanaoishi pembezoni.

Huduma zilizopo

Huduma za maktaba za umma nchini zina msingi wa kisheria. Mwaka 1963 ilitungwa sheria iliyoanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na Sheria Na. 6 ya mwaka 1975 iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bodi hiyo, iliyo chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ina jukumu la kuanzisha, kuendesha na kuendeleza maktaba za umma Tanzania Bara, na pia inasimamia chuo cha ukutubi kilichopo Bagamoyo.

Maktaba Kuu ya Taifa hutekeleza kazi mbili kwa pamoja. Kwa upande mmoja ni hazina ya Taifa. Wachapishaji wanawajibika kisheria kuwasilisha nakala za machapisho yao ili yahifadhiwe, na Bodi ndiyo inayotoa namba ya kimataifa ya utambulisho wa vitabu, maarufu kama ISBN, kwa wachapishaji wa hapa nchini. Kwa upande mwingine, ni maktaba ya kawaida ya wakazi wa Dar es Salaam. Ina sehemu ya kuazima vitabu, sehemu ya rejea ambamo vitabu husomwa papo hapo, magazeti, pamoja na sehemu ya watoto.

Kazi hizi mbili hazifanani. Hazina ya Taifa inahitaji jengo moja imara, lenye ulinzi na utaratibu, na mtafiti yuko tayari kusafiri kutoka mbali kuifuata. Maktaba ya mtaa, kinyume chake, hufaa pale tu inapokuwa karibu. Mtoto wa darasa la nne hawezi kupanga safari ya nusu siku kwa ajili ya kitabu cha kurasa 32.

Nani anaketi mezani

Aliyewahi kuingia katika vyumba vya kusomea vya maktaba za umma, hasa katika majuma yanayotangulia mitihani ya Taifa, ameona jambo moja linalojirudia. Viti vimejaa vijana, na mbele yao kuna madaftari na vitabu walivyokuja navyo kutoka nyumbani. Wengi hawakuja kuazima kitabu. Walichokifuata ni meza, mwanga na utulivu.

Wapo wanaoona hali hiyo kuwa ni matumizi yasiyostahili ya maktaba. Mtazamo huo unahitaji kusahihishwa. Katika nyumba ya kupanga ambamo familia nzima inaishi chumba kimoja, televisheni inawaka na wadogo wanacheza, mwanafunzi wa kidato cha nne hana mahali pa kusomea. Serikali imeondoa ada katika shule za umma, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Hatua hiyo imeongeza idadi ya wanaosoma, na kwa sababu hiyohiyo imeongeza mahitaji ya mahali pa kusomea baada ya saa za masomo. Kiti cha maktaba kwa kijana huyo ni sehemu ya elimu yake.

Hata hivyo, hali hiyo inabeba onyo. Maktaba ikibaki ukumbi wa kujisomea tu, msomaji akimaliza mitihani hatarudi. Mazoea ya kusoma hujengwa na kitabu kinachobebwa nyumbani, kikasomwa kwa hiari, kisha kikarudishwa ili kuchukuliwa kingine. Ndiyo maana huduma ya kuazima, hasa kwa watoto, inastahili uzito wa kwanza.

Umbali na gharama

Takwimu za sensa zinaonesha wazi mahali walipo wakazi. Wilaya ya Ilala ina watu 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Ongezeko kubwa limekwenda pembezoni: Chanika na Pugu, Mbagala na Chamazi, Kibamba, Bunju, pamoja na ng'ambo ya Kigamboni. Huko ndiko familia changa zilikonunua viwanja na kujenga, na ndiko watoto waliko.

Kwa mkazi wa Kimara aliye karibu na njia ya mabasi ya mwendokasi, kufika katikati ya jiji kumerahisishwa. Kwa mzazi wa Chanika mwenye watoto wawili, safari ya kwenda Upanga na kurudi inaweza kumaliza Jumamosi nzima. Aidha, kitabu kilichoazimwa lazima kirudishwe, hivyo safari ni mbili na nauli ni mara mbili. Ukijumlisha ada ya uanachama, kitabu cha kuazima kinakuwa na gharama inayohisiwa katika nyumba yenye kipato kidogo.

Suala la ada linahitaji mjadala wa kina na wa haki. Ilani ya Maktaba za Umma iliyotolewa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Maktaba (IFLA) pamoja na UNESCO, ambayo ilihuishwa mwaka 2022, inasisitiza kwamba huduma ya maktaba ya umma, kimsingi, itolewe bila malipo. Ni kweli kwamba mapato ya ada husaidia uendeshaji, na vitabu vinavyopotea lazima vifidiwe kwa namna fulani. Lakini ada ya mtoto na ada ya mtafiti si jambo moja. Kumwondolea mtoto kikwazo hicho ni hatua ndogo ya kifedha inayoweza kuleta tija kubwa.

Matamasha ya usomaji na siku inayofuata

Kalenda ya mwaka ina fursa nyingi za kuhamasisha usomaji. Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na 8 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kisomo. Hapa nchini imeongezeka Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Wadau nao wamekuwa na mchango: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukiendeleza uandishi na usomaji wa vitabu vya watoto tangu mwaka 1991.

Shughuli hizi ni za thamani. Mtoto anayesikiliza hadithi ikisomwa kwa sauti, kisha akaulizwa maoni yake, hutambua kwamba kitabu si adhabu ya darasani. Tatizo hujitokeza siku inayofuata. Tamasha likimalizika, maboksi ya vitabu yakafungwa na kurudishwa yalikotoka, mtoto aliyevutiwa hana pa kwenda. Hamu iliyoamshwa bila kupewa chakula hufifia upesi.

Kwa hiyo kila tamasha la usomaji lingepaswa kuacha kitu nyuma yake: kabati la vitabu katika shule iliyo jirani, orodha ya wanachama wapya, au ratiba ya kila mwezi ya kubadilisha vitabu. Jambo hili linawahusu pia waandishi na wachapishaji. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa hapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Kitabu cha namna hiyo kinatimiza lengo lake pale msomaji wa Mbagala anapoweza kukiazima bila kulazimika kukinunua.

Wasomaji wenye ulemavu wa kuona nao wasisahauliwe. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020. Mkataba huo unaruhusu vitabu kuandaliwa katika nukta nundu, maandishi makubwa au sauti bila kukiuka hakimiliki. Nafasi hiyo ya kisheria itakuwa na maana endapo maktaba zitaandaa vitabu hivyo na kuvifikisha kwa wahusika.

Njia iliyo mbele

Kujenga jengo kubwa katika kila kata si jambo linaloweza kufanyika kwa mara moja, wala si lazima. Zipo hatua za gharama nafuu. Kwanza, shule za umma zenye vyumba vya maktaba zinaweza kuvifungua kwa jamii siku za Jumamosi na wakati wa likizo, chini ya usimamizi wa mkutubi au mwalimu aliyepewa mafunzo. Pili, Bodi na halmashauri zinaweza kukubaliana juu ya maboksi ya vitabu yanayozunguka kutoka kata moja hadi nyingine. Utaratibu huo si mgeni, kwani katika miongo ya mwanzo Bodi ilitumia magari ya maktaba na huduma ya kuazimisha kwa njia ya posta ili kuwafikia wasomaji wa mbali. Tatu, ofisi za kata zinapojengwa, chumba kimoja cha kusomea kinaweza kuingizwa katika ramani tangu mwanzo.

Teknolojia nayo ina nafasi yake. Vitabu vya kielektroniki hupunguza umbali, lakini vinahitaji simu inayofaa, kifurushi cha intaneti na umeme, na kwa mtoto mdogo haviondoi haja ya mtu mzima wa kumsomea.

Jambo la mwisho ni kipimo. Tumezoea kupima maktaba kwa idadi ya vitabu vilivyomo ndani ya jengo na idadi ya wanaoingia mlangoni. Kwa jiji la watu zaidi ya milioni tano, vipimo viwili vingine vina uzito zaidi: ni vitabu vingapi vilitoka kwenda nyumbani kwa watoto mwezi uliopita, na ni kata ngapi zina mahali ambapo mtoto anaweza kuchukua kitabu kwa kutembea kwa miguu. Halmashauri zikianza kukusanya takwimu hizo, itajulikana mapema ni kata ipi ianze kufikiriwa.

Wakati maandalizi hayo yakisubiriwa, milango ya Maktaba Kuu iko wazi. Wazazi wanaoweza kufika Upanga wanahimizwa kuwapeleka watoto wao na kuwaandikisha uanachama. Kamati za shule nazo zinaweza kuanza na jambo dogo lililo ndani ya uwezo wao, yaani kufungua kabati la vitabu ambalo kwa muda mrefu limekuwa likifungwa kwa kufuli.