Binti ana mbio, baba ana simu ya wakala: chuo au mkataba?

Wiki iliyopita, tulipotoka sala ya Maghrib, jirani yangu mmoja alinishika mkono akanivuta pembeni. Yeye ni dereva wa tuktuk. Bintiye yuko kidato cha tatu, na mbio zake za mita 200 zimeanza kusemwa hadi nje ya kaunti yetu.

"Shekhe, wewe umesoma," akaniambia. "Kuna mtu amepiga simu, ajiita wakala. Asema mtoto asihangaike na mambo ya chuo, atamtafutia kampuni ya viatu. Mamake hataki hata kusikia. Nifanyeje?"

Diploma yangu ni ya ununuzi na stoo, si ya riadha. Lakini mikataba nimeisoma mingi, na najua aya ya kwanza huwa tamu kila mara. Ndiyo maana nataka kulizungumza jambo hili hapa, kwa kuwa si yeye peke yake aliye na mtoto mwenye kipaji.

Tuanze na Erriyon Knighton wa Tampa, Marekani. Kijana huyu alikuwa mchezaji mzuri wa futiboli ya kwao, na vyuo vilikuwa vikimtaka. Januari 2021, akiwa na miaka 16, alitia sahihi na adidas akawa mwanariadha wa kulipwa kabla hajamaliza shule ya upili. Miezi michache baadaye alizivunja rekodi za ujana za Usain Bolt, kisha akamaliza wa nne kwenye Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2022 alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.49. Akapata shaba ya dunia, mwaka uliofuata akapata fedha. Barazani ungesikia: kijana ameukata.

Mwaka 2024 akapatikana na chembe za trenbolone, dawa iliyopigwa marufuku. Yeye alisema zilitokana na nyama ya mkia wa ng'ombe aliyoila hotelini. Jopo la kwanza lilimwamini, akaenda Olimpiki ya Paris. Rufaa ikakatwa, na Septemba 2025 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamfungia miaka minne. Simhukumu, Mungu ndiye ajuaye. Ninachokitazama mimi ni kwamba kijana wa miaka 21 ameambiwa asiguse kazi pekee aliyoifanya tangu utotoni. Msuli ukichanika huleta hali iyo hiyo, na msuli hauna rufaa.

Sasa mtazame Allyson Felix wa Los Angeles. Naye hakukimbilia chuo. Alipomaliza shule ya upili mwaka 2003 alichagua kulipwa, tena na kampuni hiyo hiyo. Tofauti ni kuwa mkataba wake uliilazimu kampuni imlipie karo ya University of Southern California. Hakuvaa fulana ya timu ya chuo hata siku moja, ila alikaa darasani kama wenzake. Mwaka 2004 alipata fedha ya Olimpiki huko Athens akiwa na miaka 18, na mwaka 2008 akamaliza shahada ya ualimu wa shule za msingi. Dhahabu yake ya mita 200 ilikuja London mwaka 2012, miaka tisa baada ya kuondoka shuleni. Miaka tisa! Wakala anayeahidi nyumba kabla ya Ramadhani ijayo hajui mbio, au anazijua na hakujali wewe.

Na kwa kuwa tunazungumza juu ya binti, kuna jingine. Felix alipokuwa na Nike, mkataba wake ulipokwisha, walitaka kumpunguzia malipo kwa asilimia 70. Akapata mtoto mwaka 2018, na mwaka 2019 akaandika hadharani kuwa kampuni haikukubali kumhakikishia asingekatwa pesa kwa sababu ya uzazi. Kelele zikawa nyingi hadi Nike ikabadilisha utaratibu wake, ikalinda malipo ya wajawazito kwa miezi 18. Huyu alikuwa bingwa wa Olimpiki, mwenye wakili. Binti wa tuktuk atalindwa na nani?

Wengine watasema basi aende chuo Marekani, siku hizi huko pia kuna pesa. Ni kweli kiasi. Tangu Julai 2021 wanariadha wa vyuo wanaruhusiwa kuingia mikataba ya matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Quincy Wilson alipata dhahabu ya kupokezana vijiti Paris akiwa na miaka 16, na alipata mkataba wa viatu akiwa bado shuleni. Lakini yeye ni mwenyeji. Wetu huingia kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inambana mtu kufanya kazi nje ya chuo. Wazazi wengi hawaambiwi hilo. Hata hivyo karo, chakula na kocha si vitu vidogo kwa familia inayohesabu mafuta kila asubuhi.

Tusisahau nyumbani. Ferdinand Omanyala alikuwa mwanafunzi wa kemia Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanza mbio. Sekunde 9.77 alizikimbia Kasarani mwaka 2021, akiwa na miaka 25. Leo yuko Polisi, kama wanariadha wetu wengi walioajiriwa na vikosi, na mshahara huo huingia hata msimu ukiwa mbaya.

Kwa hiyo jirani yangu sikumwambia chuo wala viatu. Mama hajakosea, wala baba mwenye kutamani pesa hajakosea, kwa sababu umaskini nao unaharibu vipaji. Nilimwandikia maswali kwenye karatasi ya risiti. Karo italipwa na nani, na hata akiumia? Asipokimbia mbio idadi fulani kwa mwaka, atakatwa kiasi gani? Akiolewa na kuzaa je? Wakala anachukua asilimia ngapi, na kwa miaka mingapi? Tena nikamwambia asitie sahihi kabla mtoto hajafanya KCSE, na mamake awepo mezani.

Jana usiku alinipigia. Alikuwa amemsomea yule mtu maswali yote kwa simu, moja baada ya jingine. Alipofika lile la karo, simu ilikatika. Alijaribu kumpigia tena mara mbili, haipatikani.