Kikundi cha mashabiki si hesabu ya namba za simu

Msimu wa 2024-2025, AS Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mechi zake za nyumbani ilizichezea Kinshasa. Mkaaji wa Kindu asiye na pesa ya ndege hakuwa na njia nyingine: alifuata timu yake kwa redio, kwa televisheni pale umeme ulipokuwepo, na zaidi kwa simu. Ndivyo ilivyo kwa mashabiki wengi wa mashariki mwa nchi yetu. Shabiki wa Bukavu Dawa aliyehamia Kampala, wa Dauphin Noir aliyekimbilia Bujumbura, wa Mazembe anayeishi Uvira, wote wanakutana ndani ya WhatsApp na Facebook kwa sababu uwanja uko mbali au barabara haipitiki.

Kwa hiyo vikundi hivi si mchezo wa vijana wasio na kazi, kama wazee wengine wanavyosema. Ni mahali ambapo maelfu ya watu wanaishi mapenzi yao ya mpira. Na kwa sababu ni jambo la maana, nasema wazi: tunavijenga vibaya. Kujaza kikundi tunajua. Kukifanya kiishi, bado.

Tuangalie namna kinavyozaliwa. Mtu anaunda kikundi, anaweka alama ya timu, anatupa linki kila mahali, anaongeza namba za watu bila hata kuwauliza. WhatsApp inaruhusu watu 1024 katika kikundi kimoja. Wakifika mia tano, admin anatangaza kwa furaha. Kisha wiki chache, ndani yake mnakuta nini? Salamu za asubuhi zenye picha ya maua, linki za kampuni za pari, picha ya mheshimiwa fulani akigawa jezi, video ndefu zinazokula mega za watu. Siku ya mechi ni kelele, siku nyingine ni kimya. Wengi hawatoki, wanazima tu sauti. Admin anaendelea kuhesabu mamia, lakini wanaosoma ni wachache, na wanaoongea ni wale wale saba.

Zamani watu hawakuanza hivyo. TP Mazembe na FC Saint-Éloi Lupopo za Lubumbashi zote zilizaliwa 1939, miaka mingi mbele ya simu ya mkononi. Lupopo ilitoka kwa watu wa reli, na mpaka leo tunaiita timu ya cheminots. Mapenzi yake yalianzia kazini na kwenye makambi ya wafanyakazi, kati ya watu waliojuana kwa majina, kwa wake na kwa watoto. Mazembe nayo ina mashabiki wake wa 100%, wenye ngoma na nyimbo, wanaosafiri na timu. Mtu hawi 100% kwa kubonyeza linki. Anakuja, anapiga ngoma, anatoa mchango, anaonekana. Mwezi wa Desemba 2010, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, kule Abu Dhabi. Wakati ule watu wengi hapa kwetu hawakuwa na simu zenye intaneti. Lakini kila mtaa ulijua nani ana televisheni, nani analeta mafuta ya jenereta, na nani ataanzisha wimbo Kidiaba akianza kurukaruka kwa makalio. Ile ndiyo jamii ya mashabiki. Simu ingepaswa kuipanua. Mara nyingi imekuja kuchukua nafasi yake, na hapo ndipo tunapopoteza.

Basi kikundi kinachotaka kukua kianze kidogo. Watu thelathini au arobaini wa mtaa mmoja, wa Kadutu, wa Birere, wa Mulongwe, wanaoweza kukutana mguu kwa mguu. Kila sehemu ichague wasimamizi wake wawili au watatu. Sehemu hizi zikiwa kumi, zitumane wajumbe katika kikundi kimoja cha uongozi, na habari zinazohusu wote zitangazwe kwenye chaneli. Inachukua muda, ndiyo. Msimu mzima pengine. Lakini mtu aliyeingia kupitia jirani yake hatoki kwa sababu timu imefungwa mechi tatu.

Pia kiwe na kitu ambacho mtu hakipati kwingine. Hapa naona tunakosa nafasi kubwa sana. Habari za Real Madrid ziko kila mahali. Hakuna anayehitaji shabiki wa Butembo kumpa matokeo ya Champions ya Ulaya. Lakini matokeo ya mechi ya Lifnoki, ya Lifski, au ya ententi ya mji, nani anayatoa? Mara nyingi hata sisi waandishi wa habari tunayatafuta kwa kupiga simu tatu, nne. Kijana mmoja anayesimama kando ya uwanja na kutuma majina ya wachezaji, dakika ya bao, nani ametoka na kadi, huyo ana thamani kuliko linki mia. Atume kwa maandishi mafupi au kwa sauti ya nusu dakika, kwa sababu mega ni ghali, na kwa sababu baba zetu wengi wanapenda kusikia kuliko kusoma. Kwa Kiswahili chetu, si lazima Kifaransa. Akifanya hivyo kila Jumapili bila kukosa, watu watamfuata bila kuitwa. Na mwisho wa msimu kikundi kitakuwa na kumbukumbu za timu ambazo pengine kamati ya timu yenyewe haina.

Kuna watu tunaowafukuza bila kujua, nao ni wanawake. Mwezi wa Novemba 2024, timu ya wanawake ya TP Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa kuifunga AS FAR ya Morocco 1-0 katika fainali. Mama na dada wanaopenda mpira wapo wengi. Lakini dada akiingia katika kikundi cha watu mia nane, namba yake inaonekana na wote mia nane, na jioni hiyo hiyo anaanza kupokea ujumbe wa pembeni kutoka kwa wanaume asiowajua. Akitoa maoni juu ya kocha, anaambiwa arudi jikoni. Anatoka kimya kimya, na hakuna anayeuliza kwa nini. Msimamizi asiyeweza kumtoa mtu wa namna hiyo siku ile ile, hata kama ndiye anayechangia pesa nyingi, afadhali aache kazi.

Pesa nazo zinavunja vikundi kuliko kufungwa. Mnachangia jezi, gari la kwenda kufuata timu, au kilio cha mwenzenu. Pesa inatumwa kwa M-Pesa au Airtel Money kwenye namba ya mtu mmoja. Mwezi mmoja baadaye anaulizwa hesabu, anakasirika, anafunga kikundi. Huko Goma benki zilifungwa mwaka 2025, na simu ikawa njia kubwa ya kutumiana pesa. Kwa hiyo hatari hii imeongezeka. Lakini mama zetu walishalijibu swali hili zamani. Katika AVEC, sanduku la akiba lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayeweza kufungua peke yake, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Kikundi cha mashabiki kiige hilo: mmoja apokee, mwingine aandike, wa tatu atangaze hesabu kila Jumamosi, na picha ya ujumbe wa kila malipo ionekane na kila mwanachama. Mtu akikataa kuonyesha, msimtumie tena hata faranga moja. Sijui kwa nini vijana wenye diplome wanashindwa kitu ambacho mama wa sokoni anakifanya kila wiki.

Nafika kwenye jambo lililo zito zaidi. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, mashabiki wa timu moja wamejikuta pande mbili. Wako katika kikundi kile kile, mmoja chini ya utawala huu, mwingine chini ya ule. Neno moja juu ya kabila la mchezaji, picha moja ya maiti isiyojulikana ilipopigwa, uvumi mmoja juu ya jirani fulani, na kikundi cha mpira kinageuka kuwa mahali pa kuwindana. Na kumbukeni, namba za wote zinaonekana. Mtu usiyemjua ambaye admin alimwongeza ili kufikisha hesabu anaweza kunakili orodha nzima kwa dakika chache. Anayesafiri leo hajui nani atamwomba simu njiani, wala atasoma nini humo. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kupinga mashindano ya vikundi vikubwa. Katika sehemu ya watu arobaini wanaojuana, mgeni anaonekana mara moja. Na kwenye chaneli ya WhatsApp wanaofuata hawaoni namba za wenzao. Kwa hiyo habari za timu zipite kwenye chaneli, na maongezi yabaki ndani ya sehemu.

Msimamizi ana uwezo wa kufunga maongezi ili wasimamizi peke yao waandike. Autumie usiku wa derby, autumie siku ambayo risasi zinasikika. Kunyamazisha watu masaa sita si udikteta. Tena sheria ipo: Code du numérique ya Machi 2023 inaadhibu wanaoeneza chuki ya kikabila na habari za uongo kwa njia ya mitandao. Lakini siweki tumaini langu kwa sheria, kwa sababu matusi yanafika mbele ya polisi na mbele ya hakimu.

Na mashabiki wakiwa wameungana, tumeona wanachoweza. Tarehe 7 Februari 2024, mbele ya nusu fainali ya Kombe la Afrika huko Abidjan, Leopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja mdomoni, vidole viwili kichwani kama bunduki. Timu ilifungwa 1-0 na Côte d'Ivoire, lakini picha ile ilizunguka dunia. Wapenzi wa mpira ndio walioibeba kutoka simu hadi simu, Wakongo wa kila jimbo na kila kabila, na wengi wasio Wakongo. Usiku ule hakuna aliyeuliza kikundi cha nani kina watu wengi.

Wengine watanijibu kwamba mdhamini anataka hesabu kubwa, na bila mdhamini hakuna jezi. Ni kweli, mfanyabiashara anapenda kusikia elfu kumi. Lakini yule anayelipa kwa kufuata hesabu tu mara nyingi ni kampuni ya pari, na anachonunua ni mifuko ya vijana wetu. Mwenye duka wa Bukavu ataelewa haraka zaidi ukimwambia: tuna watu mia tatu, wanalipa mchango kila mwezi, hesabu hii hapa.

Kuna jambo pia la kimwili ambalo tunalisahau. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini kwa karibu siku ishirini. Kikundi chenye sehemu za mtaa kingeendelea kukutana. Kile cha linki kingelala mpaka mtandao urudi.

Kamati za timu nazo zina deni. Nyingi zinawakumbuka mashabiki siku ya kutafuta pesa ya safari. Wateue mtu mmoja, hata wa kujitolea, wa kuwatumia wasimamizi wa sehemu orodha ya wachezaji saa moja mbele ya mechi, bei ya tiketi siku mbili mbele, na ukweli mchezaji akiumia. Kazi hiyo inahitaji simu moja na mega za faranga chache, na msimu ujao bado haujaanza.