Mlango wa Chumba Unapofungwa



Kuna siku binti hurejea kutoka shule, akapita sebuleni bila ya kutoa salamu, akaingia chumbani na kufunga mlango. Akiitwa kula, hujibu kuwa ameshiba. Siku ya tatu mama huja kujua kuwa yuko kijana aliyekuwa akiandikiana naye kwa simu, na sasa amemwacha. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Simu hunyang'anywa, kelele hujaa nyumba, na jeraha lenyewe halikuulizwa.

Mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani, Inge Seiffge-Krenke, aliyewachunguza vijana wa nchi mbalimbali, ameyagawa mafungu 3 yale wayafanyayo wanapofikwa na dhiki, iwe ya mapenzi, ya masomo au ya wazazi. Wako wanaotafuta msaada na kuzungumza. Wako wanaolitafakari jambo na kutafuta suluhu nafsini mwao. Na wako wanaojitenga. Njia hii ya tatu, ikizoeleka, haiondoi dhiki, bali huificha. Huko Japani, kujitenga kulikopindukia kumepewa jina la hikikomori: mtu hujifungia nyumbani miezi 6 au zaidi.

Wazee wetu wa Pwani walilijua hili. Binti alipobaleghe alikabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima asiyekuwa mama yake, ambaye angeweza kumwambia yale yanayomwonea haya mzazi. Leo mara nyingi somo huitwa harusi inapokaribia tu, na miaka yote ya kabla yake binti hana wa kumwendea.

Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama (r.a.) kisa cha kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kumwomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkemea. Mtume alimsogeza karibu, akamuuliza iwapo angeliridhia hilo kwa mama yake, binti yake, dada yake, shangazi yake na mama yake mdogo. Kila mara kijana alikataa. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua, na tangu hapo kijana hakulielekea tena jambo hilo. Tuzingatie: haramu haikuhalalishwa, wala kijana hakufukuzwa.

Basi, mama mwenzangu, ukiukuta mlango umefungwa, bisha hodi kabla ya kuitafuta simu. Keti naye, msikilize hadi mwisho, hata kama asemayo yanakuchoma. Mipaka ya sheria ipo, na utamweleza, lakini atakuelewa akishajua kuwa umemwelewa. Akiwa ana haya nawe, mtafutie shangazi au somo mwenye siri. Na akiwa halali, hali, au anatamka kuyachoka maisha, usingoje. Mwombee dua, usimwache peke yake, na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mwenyezi Mungu awatulize watoto wetu nyoyo zao, na atupe sisi masikio ya kuwasikia. Amin.