Ndiva Isiyozolewa Tope

Juzi saa nane usiku nilikuwa nimejifunga shuka, tochi mdomoni, nahangaika na kiseva changu hapa Mamba. Umeme ulikatika jioni, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya tatu, diski ikagoma. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee tuliowarekodi wakisimulia hadithi kwa Kipare. Baadhi yao tumeshawazika.

Sikutishika. Nakala rudufu si ninayo! Nilipoifungua nikakuta ya mwisho ina umri wa miezi mitano. Kila usiku programu ilikuwa ikiniandikia "imekamilika", nami sikuwahi kuijaribu hata siku moja. Sauti za wazee wawili zimekwenda, na kosa ni langu.

Rafiki yangu wa Dar akanicheka: "Si ungeziweka tu Facebook, bro? Unajitesa bure." Jamani, huko nako wapo watu wanaoamka usiku. Tofauti ni kwamba huwaoni, na wana tajiri wao. Siku tajiri akiamua chumba unachokaa hakina faida, mpangaji hana la kusema.

Lakini ugomvi wangu mkubwa si na huyo. Ni na wanaoagiza programu kama watu wanaoagiza keki ya harusi. Miaka michache iliyopita kikundi kimoja kiliniomba nitengeneze programu ya kuandikia kilo za tangawizi na malipo ya wakulima. Hela ya kutengeneza ilipatikana. Hela ya uzinduzi ikapatikana hata zaidi: turubai, fulana, spika, mgeni rasmi. Kwenye bajeti niliweka mstari mmoja wa matengenezo ya kila mwaka. Ukakatwa kwa kalamu nyekundu. "Itaharibikaje wakati ni mpya?"

Haya. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka. Cheti cha usalama cha bure, kile cha Let's Encrypt tulichotumia, kilikuwa kikiisha kila baada ya siku 90. Simu za watu zinabadilika, na programu ya jana haifunguki kwenye simu ya leo. Mwaka ulipopita jina likaisha, hakuna aliyelipa, mizani ikarudi kwenye daftari. Na maneno yakaja kwangu: "Fundi gani huyu?"

Kinachoniuma ni kwamba sisi Wapare tulilijua hili zamani. Ndiva inakusanya maji ya mto au chemchemi usiku kucha, asubuhi inafunguliwa, maji yanashuka mferejini kwenda mashambani. Na kila mvua inaleta tope. Ndiyo maana ukawepo msaragambo: watu wanaitwa, wanakuja na majembe, wanazoa tope, wanaziba mianya ya mfereji. Asiyefika anatozwa faini. Hakuna mzee aliyewahi kuuliza kwa nini tuzoe tope wakati ndiva ni mpya. Wazee walijua kuichimba ni kazi ya mara moja, kuitunza ni kazi ya kila msimu. Ukiiacha, unabaki na shimo la udongo na mkutano wa kulaumiana.

Usidhani huu ni ushamba wa milimani. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye seva nyingi mno duniani. Mtunzaji wake alikuwa akijitolea, halipwi, na alishaeleza hadharani kwamba nguvu zimepungua. Akatokea mtu wa kumsaidia, akajenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akatega mtego. Makampuni tajiri yalikunywa kwenye ndiva hiyo miaka yote, lakini siku ya msaragambo yalikuwa hayaonekani. Aliyekuja na jembe alikuwa mwizi.

Kwa hiyo nimeshaamua. Atakayenijia na wazo la programu nitamuuliza kwanza nani atazoa tope mwaka wa tatu, na kwa hela gani. Kama hana jibu, akatafute fundi mwingine. Bora wakulima wabaki na daftari lao kuliko kuwaahidi kitu kitakachokufa turubai likiwa bado halijachanika.

Na wewe msomaji, mwenye mashairi yako na picha za bibi yako humo humo kwenye simu moja, usinipe pole. Leo jioni fungua hiyo nakala yako. Usiishie kuangalia kama ipo. Ifungue, usome ukurasa mmoja, usikilize sauti moja mpaka mwisho. Mimi ningefanya hivyo Jumapili moja tu, wale wazee wawili wangekuwa bado wanasimulia.