Nani Atakulipia?

Usaili wa tatu wa dada yangu ulichukua dakika 14. Nina hakika, maana nilikuwa nimeketi sakafuni nyuma ya kamera, nimeshika simu ya pili ili mtandao ukikatika tuhamie laini nyingine. Tulikuwa tumemlipa jirani mafuta ya jenereta ili asizime umeme kabla ya saa tano asubuhi. Mama aliwafukuza watoto wote nje, na yule mama muuza chai wa mbele ya geti letu akawakalisha kwenye viti vyake vya plastiki, akawaambia atakayepiga kelele hapati hata tone. Nusura niseme Hai Cinema nzima ilikuwa inafanya usaili. (Msomaji wa Mombasa au Dar asidanganywe na jina: hai kwa Kiarabu ni mtaa tu.)

Dada ni daktari. Alisomea hapa Juba, akamaliza utarajali, na kwa miaka minne amefanya kazi katika wodi ya wazazi. Anataka kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Alijiandaa kwa miezi mitatu: kutoka damu baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, uchungu uliokwama, mfuko wa uzazi uliopasuka. Mengine hakuhitaji kuyasoma, kwa sababu ameyaona mwenyewe saa nane za usiku, tochi ya simu ikiwa ndiyo taa.

Jopo lilikuwa la watu watatu, wa chuo kimoja cha nchi jirani ambacho sitakitaja. Mmoja aliuliza kuhusu kifafa cha mimba. Dada akaanza kueleza dozi ya magnesiamu. Hakumaliza. Mwenyekiti alimkatiza, kwa upole kabisa, akasema: "Daktari, hayo tunaamini unayajua. Sasa tuambie, nani atakulipia?"

Muda wote uliobaki ulikuwa wa swali hilo. Una barua ya mwajiri? Mwajiri anasema atalipa karo yote au sehemu? Mfadhili akijitoa mwaka wa pili, itakuwaje? Una taarifa ya benki? Mwaka wa kwanza chuo kingine kilimwambia barua yake haina mhuri. Mwaka wa pili mhuri ulikuwapo, ila barua haikutaja kiasi. Safari hii kiasi kilitajwa, lakini mwajiri aliyeandika barua hiyo ndiye yule yule ambaye dada anamdai mishahara ya miezi. Tangu bomba la mafuta lipasuke Februari 2024, kila mtu hapa anajua watumishi wa umma walivyokaa mwezi baada ya mwezi bila kulipwa. Jopo nalo lilijua. "Tutakujulisha," wakasema, na skrini ikawa nyeusi.

Nasema bila kuzunguka: ule haukuwa usaili. Ulikuwa ukaguzi wa mfuko. Na ukaguzi wa mfuko hauna haki ya kujiita mchujo wa walio bora.

Wenzangu wa darasa la Kiswahili wameniuliza mambo haya yananihusu nini, mimi wa fasihi na sarufi. Yananihusu kwa sababu ya undugu, na yananihusu pia kwa sababu ya maneno. Daktari anayesomea ubingwa huitwa mkaazi. Ni neno zuri. Zamani aliishi hospitalini hasa, ndiko lilikotoka jina. Lakini soma fomu aliyojaza dada: kwenye karo kuna visanduku viwili, raia na mgeni, na cha mgeni kina tarakimu nene zaidi. Kwa hiyo tunaye mkaazi anayelipa karo ya mgeni. Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Aprili 2016, na Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya wakatangaza ukanda wetu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo halijafika kwenye fomu ile.

Neno la pili ni mwanafunzi. Watu wakisikia dada anaomba nafasi ya masomo, wanamwona darasani na daftari. Sivyo. Anayesomea ubingwa ni daktari kamili, mwenye shahada na usajili. Kwa miaka mitatu, minne au mitano, kutegemea fani, yeye ndiye anayepokea wagonjwa usiku, anayeshona, anayepasua akisimamiwa na bingwa, na asubuhi anasimama mbele ya kitanda kueleza yaliyotokea. Ondoa wakaazi katika hospitali kubwa za kufundishia za Nairobi, Kampala au Dar es Salaam usiku mmoja tu, uone kitakachobaki. Sasa mtu huyu, mara nyingi, analipa karo ili aifanye kazi hiyo, na asipokuwa na mfadhili hapati mshahara. Ni sawa na fundi mwashi anayelipa kodi kila asubuhi ili aruhusiwe kupanda ngazi na kumjengea mtu nyumba.

Si Juba peke yetu tunaolalamika. Huko Uganda madaktari wanaosomea ubingwa wamegoma zaidi ya mara moja kudai posho. Kenya madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, kisha siku 56 mwaka 2024. Kiini kimoja kikubwa cha mgomo huo wa pili kilikuwa watarajali: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya takriban 206,000 za makubaliano ya 2017. Hao si wakaazi, ni ngazi ya chini yao, lakini ujanja ni ule ule. Mwite mtu mwanafunzi, kisha mpe kazi ya mfanyakazi.

Rafiki yangu mmoja, mtoto wa mfanyabiashara, alinijibu kwa methali: mkono mtupu haulambwi. Chuo hakiendeshwi kwa maombi, akasema, na nafasi zikiwa sita na waombaji mia, lazima wengi waachwe. Kuhusu kuachwa, nakubali. Sijawahi kudai kila anayeomba achukuliwe, na kama dada angeshindwa mtihani ningenyamaza, ningemsaidia kusoma upya. Ninachouliza ni chekeche gani linatumika. Mwenye mjomba wizarani na mwenye baba mwenye malori wanapita kwenye tundu la kwanza kabla hata hawajaulizwa dozi ya magnesiamu. Aliyebaki juu ya chekeche si lazima awe mbovu. Huenda ni maskini tu.

Na si kweli kwamba duniani kote ndivyo ilivyo. Marekani nao wanagombania nafasi hizi. Tangu 1952 wana mfumo wa kulinganisha: mwombaji anapanga hospitali anazozitaka, hospitali zinapanga waombaji zinaowataka, na kanuni ya hesabu inawaoanisha. Alvin Roth, aliyeisanifu upya kanuni hiyo miaka ya 1990, alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley. Sitaki kuwapamba. Kuomba kwao kuna gharama, na daktari wa kutoka Afrika hulipia mitihani kwa dola kabla hajaitwa popote. Lakini mkaazi akishapata nafasi, analipwa mshahara. Ndiyo maana jopo la kule halina sababu ya kumuuliza nani atakulipia.

Anayesema Amerika ni tajiri na mfano huo haufai, basi atazame Arusha. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, hakina kampasi wala mabweni. Daktari anafundishwa katika hospitali iliyoidhinishwa, akiwa kazini, kisha anafanya mitihani ya pamoja. Sudan Kusini imo. Ada zipo, siyo bure, ila msingi wake ni kwamba mkaazi ni mfanyakazi anayejifunza. Fani ya uzazi nayo sasa ina chuo chake cha kikanda. Tanzania, kwa upande wake, ina ufadhili wa ubingwa na ubingwa bobezi uliopewa jina la Rais Samia. Maana yake ni kwamba serikali inaweza kulijibu swali la pesa yenyewe, ikitaka.

Yetu haijataka. Hapa siwezi kuwalaumu majirani nikawaacha wakubwa wetu. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020, Sudan Kusini ilipoteza akina mama 1,223 kwa kila vizazi hai 100,000, idadi ya juu kuliko zote duniani mwaka huo. Makadirio ya baadaye yameishusha, na bado tuko miongoni mwa wa mwisho. Nchi ya namna hiyo inapomwacha daktari wa wodi ya wazazi atembeze barua kama mtu anayechangisha harusi, isituambie kwamba inakosa mabingwa.

Wapo wanaosema: mkimlipia atatoroka. Basi mfungeni kwa mkataba, miaka ya kusoma ailipe kwa miaka ya kazi, Torit, Bentiu au Wau. Dada atasaini kesho. Lakini mkataba una pande mbili. Anayemfunga daktari abaki naye afungwe kumlipa mshahara.

Ninachodai ni kidogo. Swali la pesa liulizwe baada ya matokeo, siyo kabla. Kwanza mtihani, kwanza usaili wa kazi yenyewe, alama zibandikwe ukutani kwa namba za waombaji ili kila mtu azione. Ndipo chuo kiseme: hawa sita ndio tumewachagua. Hapo sasa barua iende kwa wizara, kwa Jumuiya, kwa wafadhili, ikiwa na majina ya watu waliokwisha kushinda. Serikali itakayokataa kumlipia aliyeshinda itakataa mbele ya watu. Kwa sasa inakataa kimyakimya, ndani ya dakika 14, na anayeaibika ni mwombaji.

Maana swali lile haliishii kwenye skrini. Jioni ile ile mjomba wetu alikuja, akanywa chai, akasikiliza habari yote, akasema jambo hili ni rahisi. Kuna mtu mzima mmoja, mwenye ng'ombe, ameshamuulizia dada mara mbili. Dada akiolewa, ng'ombe kadhaa watauzwa, karo italipwa, na ubingwa utasomwa. Mjomba si mtu mbaya. Alitulea Kakuma, mimi na Kiswahili changu hiki ni mazao ya jasho lake. Aliulizwa nani atalipa, akatafuta jibu mahali ambapo familia yetu ina mali. Wale watatu wa jopo hawatajua kamwe kwamba swali lao lilivuka mpaka na kuketi sebuleni kwetu likiwa limevaa kofia ya mjomba.

Dada hakumjibu. Aliinuka, akavaa koti lake jeupe, akaenda zamu ya usiku.

Fomu za mwaka huu zimeshafunguliwa, zinafungwa mwisho wa mwezi. Amejaza kurasa zote isipokuwa moja. Mjomba amesema atarudi Jumamosi na huyo mtu wake. Nimemwambia mama nitakuwapo, na safari hii sitakaa sakafuni.