KOMPYUTA NDOGO, KAZI MOJA



Wazazi wetu wamechanga fedha ili maktaba yetu ipate kompyuta. Wengi wataka inunuliwe moja kubwa, ifanye kila kazi. Mimi naona yafaa tununue ndogo, nayo ipewe kazi moja tu: kutunza vitabu.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Mwaka jana tulikuwa na kompyuta moja iliyochapa mitihani, ikatunza alama, na Jumamosi ikaonyesha sinema. Muhula wa pili iliingiwa na virusi. Ofisi ikakwama, na masomo ya Baiolojia tuliyokuwa tukiyasoma humo yakapotea. Tukarudi kusoma watu kumi na wawili kwa kitabu kimoja.

Huku kwetu Tarime na Serengeti kila mtoto ajua kwamba ng'ombe wa maziwa hafungwi plau. Maksai walime, naye akamwe. Mashine nazo ni vivyo hivyo.

Iko kompyuta iitwayo Raspberry Pi, iliyobuniwa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35 za Marekani. Leo ziko aina nyingi, na zenye nguvu zaidi ni ghali, lakini kazi ya maktaba haihitaji nguvu nyingi. Ukubwa wake wakaribia kadi ya benki. Hutumia umeme wa volti 5, kwa hiyo umeme ukikatika betri ndogo yaweza kuiendesha. Vitabu hukaa katika kadi ya kumbukumbu, na kwa programu ya Kiwix twaweza kusoma Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza bila intaneti. Sisi haturuhusiwi simu shuleni, lakini zile kompyuta kuukuu za darasani zitaunganishwa nayo, na wengi watasoma kwa wakati mmoja.

Mzazi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, kitu kidogo hivyo si kitaibiwa?" Nilimjibu, "Mzee, kitafungiwa katika sanduku lenye matundu ya hewa, na ufunguo atakuwa nao mwalimu." Walimu nao wahofia michezo. Lakini bila intaneti, humo hamna ila yale waliyoyatia wao wenyewe. Hatari ninayoiona mimi ni hii: umeme ukikatika ghafula, kadi yaweza kuharibika. Basi tuweke kadi ya pili yenye nakala ya vitabu vyote.

Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Fedha hizi zimetokana na mbuzi na ndizi zilizouzwa sokoni. Tusizitie katika mashine itakayogombaniwa na ofisi.

Mimi nafanya mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, na huenda nisiitumie hata siku moja. Lakini wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza wana miaka mitatu mbele yao. Nisingependa nao wasome watu kumi na wawili kwa kitabu kimoja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne